Sentensi mbovu iliyouzwa elfu saba: michezo na sarufi ya Kiingereza chuoni

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "If I would have known, I would have come early." Kundi la watu watano waliokaa karibu na dirisha waliitamani tangu nilipoibandika ubaoni. Dalali wetu, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye wikendi huuza mitumba soko la Kongowea na ambaye ulimi wake hauna breki, alianzia mia tano. Kundi la nyuma likataja elfu moja. Dirishani wakapanda hadi tatu, nyuma wakafika nne, mwishowe binti mmoja wa dirishani akasimama kabisa: "Elfu saba! Na mwenye ubavu apande!" Hakuna aliyepanda. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imekwenda.

Wakapongezana kana kwamba wamenunua kiwanja Nyali. Nilipoigeuza ile karatasi, nyuma palikuwa na alama nyekundu ya mkasi.

"Mwalimu, hapana," yule binti akasema, bado amesimama. "Kosa liko wapi hapo? Hata kwa Kiswahili twasema hivyo hivyo."

Pesa zilikuwa za karatasi, elfu kumi kwa kila kundi, nilizozikata mwenyewe usiku kwa makasi ya kushonea. Lakini maneno yake ya mwisho yalikuwa ya thamani kuliko noti zote zile. Ni kweli, kwa Kiswahili twasema hivyo hivyo: ningalijua, ningalikuja mapema. Kiambishi cha sharti kinakaa pande zote mbili za sentensi, ndugu wawili wanaofanana. Kiingereza hakikubali. Upande wa "if" kinataka "had known", na "would have" inabaki upande wa pili peke yake. Binti hakukosea kwa kutojua Kiingereza. Alikosea kwa kujua Kiswahili vizuri.

Ninafundisha stadi za mawasiliano na sarufi katika chuo kimoja cha hapa Mombasa, na kila ninapoeleza kwamba wanafunzi wangu wanacheza darasani napata swali moja, mara kwa upole, mara kwa kejeli: watu wazima wa chuo kikuu, wenye ndevu na wengine wenye watoto, mnawachezesha? Swali ni la haki. Michezo mingi inayoingizwa darasani haifundishi chochote, nami nimewahi kupoteza vipindi vizima nayo. Ila iko inayofanya kazi ambayo ubao hauwezi, na tofauti kati ya aina hizo mbili haitokani na kiasi cha kicheko.

Tuanze na wanafunzi wenyewe. Anayeingia chuoni kupitia mfumo wa 8-4-4 amesoma Kiingereza miaka 12. Amefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ambamo karatasi ya pili ya Kiingereza ina alama 80 na sarufi imetengewa 15. Huko huambiwa aandike upya sentensi kwa kufuata maagizo, au ajaze pengo kwa neno linalofaa. Ana kalamu, ana kimya, ana dakika za kufikiri. Muulize kanuni ya hali timilifu ya Kiingereza atakukariria bila kukosa hata nukta: haikai pamoja na wakati uliopita uliotajwa. Kisha mkute nje ya mlango dakika tano baadaye: "I have seen him yesterday, mwalimu."

Sasa, huyu anajua au hajui?

Fikiria bao. Kanuni za bao la Kiswahili mtu anaweza kukueleza kwa saa moja: mashimo 32, kete 64, namua ni nini, mtaji ni nini, nyumba inalindwa vipi. Ukaelewa yote. Kisha ukae mbele ya mzee mmoja barazani Mji wa Kale, na kabla kahawa haijapoa umeshaliwa kete zote. Hakuna kanuni aliyoijua yeye ambayo hukuambiwa wewe. Yake iko mkononi, yako bado iko kichwani ikitafuta njia ya kushuka.

Wataalamu wa ujifunzaji lugha wameligombania jambo hili kwa miaka mingi. Stephen Krashen wa Marekani alisema mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba kuna lugha tunayoipata bila kujitambua na kuna lugha tunayojifunza kwa kanuni, na ile ya kanuni hutumika kama msimamizi tu: inakagua maneno kabla au baada ya kutoka. Msimamizi huyo hafanyi kazi bila mambo matatu: awe na muda, mwenye kusema awe analiangalia umbo la maneno yake, na kanuni iwe inajulikana. Mtihani unampa yote matatu. Kibaraza cha nje ya darasa kinampa la mwisho tu. Krashen alikwenda mbali zaidi, akasema kanuni iliyokaririwa haigeuki kuwa lugha iliyopatikana. Hapo wengi walimwacha. Robert DeKeyser na wenzake wa mkondo wa stadi wanashikilia kwamba kanuni inaweza kushuka mkononi kama ile ya bao, mradi mazoezi yawe mengi na yafanane na kazi yenyewe. Mimi niko na DeKeyser, nikikiri kwamba mwalimu wa sarufi hawezi kuwa upande mwingine na bado akaamka asubuhi kwenda kazini.

Kikwazo cha pili ni kile alichokigusa yule binti wa elfu saba. Chini ya Kiingereza cha mwanafunzi wa Mombasa pana Kiswahili kinachofanya kazi kimyakimya. Larry Selinker aliielezea mwaka 1972 lugha hiyo ya njiani, ambayo si ya kwao wala si ya ugenini, na ambayo ina kanuni zake mwenyewe. Makosa ya wanafunzi wangu yana mpangilio hasa. Hawakosei ovyo.

Chukua -me-. Vitabu vingi vya shule humwambia mtoto kwamba -me- ni hali timilifu, basi, "amekula" ni "he has eaten". Sawa. Lakini "amelala" je? Amekaa, amesimama, amevaa, amebeba? Hapo -me- inaeleza hali aliyo nayo mtu sasa hivi. Aliyelala yuko usingizini, hajamaliza kulala. Mwanafunzi anaifasiri kwa uaminifu: "She has slept, don't wake her." Anayesikia anashangaa, kama amekwisha kulala kuna haja gani ya kunong'ona? Au chukua swali la kukanusha. "Hujala?" Mswahili mwenye njaa anajibu "Ndiyo, sijala", kwa kuwa anaafiki kauli ya aliyeuliza. Kiingereza kinaangalia ukweli wa chakula tumboni, hakijali muulizaji alidhani nini, kwa hiyo ni "No, I haven't." Nimeona "Yes, I haven't" ikimkosesha mtu chai ofisini. Kirejeshi nacho: tunasema "kitabu ambacho nilikinunua", na ile -ki- ya pili inavuka bahari na kuwa "the book which I bought it". Yeye ni mmoja tu kwetu, mwanamume au mwanamke, na kwa hiyo mama mzazi wa mtu anaitwa "he" katikati ya hotuba ya kumsifu.

Ukiyaona makosa haya kama tabia iliyozoeleka, unaelewa kwa nini kuyaeleza tena ubaoni hakusaidii sana. Maelezo wameyasikia. Wanachokosa ni mambo mawili tofauti: kwanza wakione Kiswahili kinapojipenyeza, kisha wapate kasi ya kukizuia huku akili imeshughulika na jambo lingine. Yote mawili yanaweza kufanywa kwa mchezo, lakini hayafanywi kwa mchezo mmoja. Nilichelewa sana kulijua hilo.

Mnada ni wa kuona. Ninabandika sentensi 12, saba nzima na tano mbovu, zote za aina ambayo wanafunzi wa Pwani huandika. Kundi linanunua zile linazoamini ni nzima, na mshindi ni mwenye sentensi nzima nyingi zaidi. Pesa iliyobaki inatumika kuamua tu pakiwa na sare, la sivyo wabahili wangekaa na noti zao na kushinda kwa kutofanya kitu. Nawapa dakika 15 za kuzungumza kabla ya dalali kupanda juu ya kiti. Hizo dakika 15 ndizo somo. Watu wazima watano wanainama juu ya "He is the man who his car was stolen" wakibishana ni "who" au "whose", na hakuna aliyewalazimisha. Richard Schmidt, aliyepeleka mbele hoja kwamba hatuwezi kujifunza umbo ambalo hatujalitambua, alikuwa amejipima mwenyewe alipokuwa akijifunza Kireno nchini Brazil: aliandika shajara, na akakuta kwamba yaliyomwingia ni yale aliyoyatambua masikioni mwake mitaani, hata kama mwalimu alikuwa ameshayafundisha kitambo. Makala yake ya mwaka 1990 juu ya kutambua bado inanukuliwa na kila anayeandika habari hizi.

Ila mnada una kitu ambacho zoezi la kusahihisha sentensi halina, nacho ni bei. Katika zoezi, mwanafunzi huweka alama ya vema au ya mkasi, na hujui kama alikuwa na hakika au alibahatisha. Mnadani anakuambia kwa shilingi. Sentensi mbovu iliyonunuliwa mia tano ni bahati nasibu. Iliyonunuliwa elfu saba ni imani. Na kosa la imani lina siri ya ajabu. Mwaka 2001 Butterfield na Metcalfe walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu akikosea jibu aliloliamini kwa dhati, kisha akaonyeshwa lililo sahihi, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kulirekebisha na kulikumbuka kuliko kosa alilolitoa kwa kusitasita. Walitumia maswali ya maarifa ya jumla, si sarufi, kwa hiyo nisivute kamba kuliko inavyofika. Lakini waliokuwa darasani siku ile wanajua nini kinafuata "if". Mshtuko wa elfu saba hausahauliki upesi.

(Mwanafunzi mmoja aliniletea video ya Mmarekani anasema "if I would have known" bila haya. Nikamwambia ni kweli, wengi wao huisema. Mwambie basi aiweke kwenye barua ya kuomba kazi aone.)

Kabla ya mnada nilijaribu nyoka na ngazi. Nilichora ubao mkubwa kwenye karatasi ya manila, nikatayarisha kadi za maswali: jibu swali la sarufi, ukipata, rusha dadu. Darasa lilifurahi mno. Kelele zilifika ofisi ya mkuu wa idara. Wiki iliyofuata nilipouliza maswali yale yale, walichokumbuka wote ni kwamba kijana fulani aliliwa na nyoka akiwa mraba wa 97. Dadu ndiyo iliyocheza, sarufi ilisimama mlangoni kama utingo: unamlipa nauli, kisha unamsahau, safari inaendelea.

Tangu hapo nina kipimo kimoja. Ondoa sarufi ndani ya mchezo, uone kama mchezo bado unachezeka. Nyoka na ngazi unachezeka vizuri tu, tena haraka zaidi. Maswali ya kuchagua jibu kwa simu, kwa programu kama Kahoot iliyotoka Norway mwaka 2013, yanaponea chupuchupu: sarufi imo, lakini mwanafunzi anachagua kilichotungwa na mwingine, hatungi. Yanafaa kuamsha watu saa nane mchana wakati joto la Mombasa limelaza ukumbi mzima. Zaidi ya hapo mimi siyategemei, na usiniulize habari za bando.

Mchezo unaopita kipimo hicho vizuri kuliko yote niliyoyatumia ni wa polisi na washukiwa. Walimu wa Kiingereza duniani wanaujua siku nyingi. Wangu nimeuvalisha kanzu. Kuna harusi Mji wa Kale, Jumamosi usiku. Kati ya saa mbili na saa nne, sufuria ya pilau imetoweka uani, ikiwa na moto chini na moto juu. Washukiwa ni wawili, marafiki, nao wanadai kwamba muda wote huo walikuwa pamoja mahali pengine. Wanatoka nje dakika tano kupatana maneno. Waliobaki ndani ni maafisa wa upelelezi na wanaandaa maswali. Kisha anaingia mmoja, anahojiwa, anatoka, anaingia wa pili. Maelezo yao yakitofautiana mara tatu, wamefungwa.

Sharti langu liko moja: swali lisilojengwa kama swali la Kiingereza halijibiwi. Mshukiwa ana haki ya kutazama dari. "You were sitting where?" Kimya. "Where you were sitting?" Kimya. Saa inakwenda, maana kila mshukiwa ana dakika nne tu, na wapelelezi wanaanza kupigana viwiko: "Sema vizuri bwana, yuaponyoka huyu!" Mpaka mmoja aitoe, "Where were you sitting?", na mshukiwa alazimike kufungua kinywa. Ona kilichotokea. Kiingereza kinataka kitenzi kisaidizi kimtangulie mtenda, jambo ambalo Kiswahili hakilijui kabisa, maana "mlikuwa mmekaa wapi" inaliacha neno la kuuliza mwishoni bila kusumbua mtu. Mwanafunzi ameifahamu kanuni hii tangu darasa la nne. Lakini leo hakuna aliyemwomba aitaje. Anachotaka ni kumfunga mwizi wa pilau, na njia pekee inapita hapo.

Na majibu je? Hapo -me- ya hali inaingia kwa mbwembwe. Mshukiwa wa kwanza, kijana mpole kutoka Kisauni, alieleza: "My friend had worn a white kanzu and he had sat near the door." Wa pili akaulizwa nguo. "He was wearing a white kanzu." Mpelelezi mmoja, msichana anayekaa mbele daima, akaruka: "Different! Wamefungwa!" Darasa likagawanyika. Je, "had worn" na "was wearing" ni kitu kimoja? Walibishana kwa Kiswahili karibu dakika kumi, na mimi nikakaa juu ya meza kimya. Mmoja akasema, "Alikuwa amevaa, alikuwa amevaa, zote ni alikuwa amevaa!" Mwingine akamjibu, "Kwa Kiswahili ndiyo. Lakini 'had worn' ni kanzu aliyoivaa kabla. Huenda kwenye pilau alikuja na fulana." Sijawahi kueleza jambo hilo kwa ufasaha namna ile, na kijana wa Kisauni aliingia jela kwa sababu ya kitenzi.

Wenzangu kadhaa hukunja uso kusikia walibishana kwa Kiswahili. Kanuni za kumbi nyingi ni Kiingereza kitupu. Naona wanakosea. Katika mchezo, hatua za mchezo lazima ziwe kwa Kiingereza, vinginevyo hatuna kitu. Ubishi juu ya hatua hizo uwe kwa lugha wanayoweza kufikiri ndani yake hadi mwisho. Merrill Swain wa Kanada, aliyeanza mwaka 1985 kwa kusisitiza kwamba mwanafunzi anahitaji kulazimika kutoa lugha, sio kuipokea tu, baadaye aliandika mengi juu ya watu wanavyojifunza kwa kuizungumza lugha yenyewe, wakiwa wawili wawili, wakiichokonoa. Katiba ya 2010 imezifanya Kiswahili na Kiingereza zote kuwa lugha rasmi. Ndani ya darasa langu zinagawana kazi bila ugomvi.

Kuhusu kusahihisha: katika michezo ya kasi sisahihishi hapo hapo. Naandika kwenye kijikaratasi, na mwishoni naweka sentensi sita ubaoni bila majina. Ukimkata mshukiwa katikati ya uongo wake ili umwambie juu ya -s, umeua mchezo, na yeye atajificha kwenye sentensi fupifupi hadi muhula uishe.

Kirejeshi nimekifanyia kazi kwa mchezo tulioukuta nyumbani. Kitendawili! Tega! Ukishindwa, toa mji. Kaunti ya Mombasa ina maeneo bunge sita, na darasa linagawanyika makundi sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu. Kila kundi linatega kwa Kiingereza, kwa sentensi yenye kirejeshi: "It is a thing that people carry to the beach and bring home full of sand." Anayefumbua anapata mji. Lakini mtegaji akiweka kiwakilishi cha ziada, "a thing that people carry it", kundi lolote linaweza kupiga meza na kunyakua mji wake kabla hata jibu halijatolewa. Masikio yanakuwa makali kama ya paka. Siku moja Likoni ilibadilisha mikono mara nne ndani ya robo saa na kundi lililobaki bila mji likaomba hifadhi Kwale.

"Ndiyo, sijala" ina dawa fupi. Wote wamesimama, nauliza mbio mbio kwa kukanusha: "Didn't you come by tuktuk? Aren't you from Nairobi?" Anayesema "Yes, I didn't" anakaa. Dakika nne, basi.

Mchezo mmoja niliutupa, na si kwa sababu ya sarufi. Ulikuwa wa kuweka dau: unasoma sentensi, unaweka kiasi fulani kwamba ni sahihi, ukipata unarudishiwa mara mbili. Nilipomaliza kueleza, mwanafunzi mmoja wa kiume akainua mkono kwa adabu: "Mwalimu, samahani. Hii si kamari?" Nikaanza kusema pesa ni za karatasi. Akasema anajua, ila mtu asifanye mazoezi ya jambo ambalo hataki kulifanya. Kwa mji ambao vijana wanapoteza karo kwa kubeti kwa simu, sikuwa na la kumjibu, wala sikulitafuta. Tukauliza pamoja: na mnada? Wakakubaliana mnada ni biashara, umelipa, umechukua mali yako, ikiwa mbovu ni jicho lako. Tukabaki na mnada.

Ukubwa wa darasa ni tatizo la kweli. Kozi ya pamoja ya mwaka wa kwanza inaweza kujaza ukumbi wa watu mia mbili, viti vimefungwa sakafuni, kipaza sauti kimoja. Upelelezi hauwezekani humo. Nimefanya mnada kwa safu: kila safu ni mnunuzi mmoja, na anayetaja bei ni mtu wa pembeni baada ya wengine kumnong'oneza, noti zinapita mkono kwa mkono. Unakwenda, lakini walio katikati ya safu wanaweza kulala kwa amani. Wanaozungumza vizuri nao huwameza wenzao, hasa wale waliosoma shule za bweni za bara. Dawa yangu ni kwamba msemaji hubadilika kila zamu kwa lazima, na kundi linashauri ila haliruhusiwi kumsemea. Wengine wataona haya. Dada mmoja mwenye kazi ya kutwa Changamwe, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, aliniambia hakulipa karo ili acheze. Nikampa udalali. Sasa hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Je, inasaidia? Nitasema nilichokiona kwangu tu. Sharti la "if" wengi wao wanalisema sawasawa sasa, hata vibarazani, na anayeteleza anapigiwa kelele na wenzake: "Elfu saba!" Limekuwa neno la darasa. Maswali pia yamenyooka. Kosa la kirejeshi limepungua midomoni lakini kwenye insha limekaa pale pale, "the problem which we are facing it", ukurasa baada ya ukurasa, mara nyingi kwa watu wale wale walionyakua Likoni na Jomvu. Nilidhani kilichoingia ulimini kitashuka hadi kwenye kalamu chenyewe. Hakishuki. DeKeyser angeniambia nilipaswa kutarajia: stadi inakomaa kwa kazi ile iliyofanyiwa mazoezi, na hawakuwahi kucheza wakiwa wanaandika. Vibainishi vidogo vya Kiingereza, "a" na "the", havijaguswa na mchezo wowote nilioubuni, na nimebuni mitano. Kiswahili hakina kitu cha kufanana navyo, kwa hiyo hakuna hata kosa la imani la kulishtua.

Ijumaa tunarudia mnada. Safari hii sentensi zote 12 nimezitoa kwenye insha zao wenyewe, majina nimeyafuta, na anayenunua lazima aiandike upya mali yake kwenye karatasi kabla dalali hajapokea pesa. Dalali mpya ameshanitumia ujumbe kuuliza kama chuo kina nyundo.